Gauni Lililomtosha Jaji

Mke wa mdogo wangu ni fundi cherehani. Katika nyumba ya vyumba sita tuliyokuwa tumepanga, wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi, hata mimi wifi yake. Kazi yake ni sare za shule, na kwa miaka yote tuliyoishi ua mmoja nimeona nguo yake moja tu ikirudishwa. Lilikuwa gauni la mtoto. Nikitaka kueleza gauni hilo lazima nianze na vyumba viwili, cha tatu na cha sita.

Cha tatu kilikuwa chao, kikubwa kuliko vyote, chenye madirisha mawili na sakafu ya vigae. Mdogo wangu ni mpaka rangi, kwa hiyo kuta zake zilikuwa safi kuliko za mwenye nyumba. Cherehani ilikaa pembeni, na Fundi akiwa kazini uso wake ulielekea ukutani. Mtoto wao wa kike alipozaliwa walimnunulia kitanda cha mbao chenye vizuizi pande zote, chandarua kipya, na wanasesere watatu ambao hawakutolewa kwenye mifuko yao ya plastiki wasije wakashika vumbi.

Hakuna aliyeweza kusema mtoto yule alitupwa. Saa moja asubuhi alishaoga. Saa nne uji, saa saba chakula, kucha kila Jumapili. Hakuwa na upele wala kamasi. Alikuwa kimya tu. Ukimkalisha anakaa, anakutazama usoni bila kupepesa macho, kama mtu anayesubiri umalize kujitetea. Baba yake ndiye aliyeanza kumwita Jaji, na jina likashika.

Mama yake nilichelewa kumwona vizuri, nakiri. Uchungu ulimchukua siku mbili, na wiki tano baada ya kujifungua alirudi kwenye cherehani. Hakulia wala hakulalamika. Aliongeza kazi. Tulidhani amepona haraka. Miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia hivi: "Wifi, niliambiwa nikimwona tu nitampenda. Nikamwona. Nikangoja. Nikangoja kama mtu aliyeambiwa basi linakuja, na jua linazama, na wenzake wote wameshapanda." Alikuwa akimlisha huku anahesabu vijiko, akimwogesha huku anawaza pindo za suruali. Hakumwimbia wala kumsemesha, kwa sababu kila akifungua mdomo alijisikia mwongo.

Chumba cha sita kilikuwa karibu na bomba la maji. Kilikuwa kidogo, dirisha lake moja lilizibwa kwa boksi, na mvua ikinyesha mwenye chumba alihamisha kitanda mara tatu. Humo alihamia mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, beseni moja na begi moja. Baba wa mtoto hakuonekana na hakuna aliyeuliza. Alifua nguo za watu kwa mkono, na alizungumza. Alizungumza na bomba, na sabuni, na kamba ya kuanikia. Kabla wiki haijaisha tulishampa jina la Redio.

Walijifungua wiki moja, Fundi Jumanne, Redio Ijumaa. Nalijua hilo kwa sababu nafanya kazi kliniki ya akina mama, na kadi za watoto wote wawili niliziandika mimi.

Redio alimweka binti yake ndani ya beseni kavu kando ya beseni la maji, na kazi ikaendelea na maneno yakaendelea. "Haya mama, soksi hii ya nani? Ya yule bwana mwenye tumbo. Inanuka? Inanuka! Tumwambie? Tusimwambie, atatunyima kazi." Mtoto akacheka, mama naye akacheka, kama watu wazima wawili wanaomsengenya wa tatu. Alipofika miezi kumi na moja, mtoto yule aliinua soksi kwa vidole viwili, akakunja pua, akasema waziwazi, "Nuka!"

Ua mzima ulicheka siku ile. Ndipo akaitwa Kasuku. Fundi alikuwa mlangoni kwake na mkasi mkononi. Alisema, "Neno la kwanza la mtoto ni 'nuka'? Mimi ningeona aibu." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na cherehani haikusikika mpaka jioni.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu. Alijua meno ya Kasuku kuliko Redio alivyoyajua. Alijua siku aliyosimama, siku aliyoacha kushika ukuta, siku aliyosema "maji" na siku aliyosema "bado". Akiwa bombani hakumtazama Redio usoni, alimtazama mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa jicho la fundi anayetafuta mshono ulioachia. Hakuuona. Siku moja alikuja chumbani kwangu, na hakukaa.

"Wifi, niambie. Yule ana nini?"

"Nani?"

"Usijifanye hujui. Ana nini ambacho mimi sina? Mume hana. Dirisha hana. Mtoto analala kwenye godoro la sponji nililolitupa mimi. Mimi! Halafu ndiye anayetembea."

Nilimwambia watoto hawafanani, ni jibu tunalowapa wote kliniki. Alinitazama kama binti yake anavyotazama watu.

Watoto walipofika mwaka na nusu waliitwa kupimwa. Nesi alimweka Jaji kwenye mizani, akampima urefu, akamgongea kijiko nyuma ya sikio. Jaji akageuka. Masikio mazima. Kisha nesi akauliza anasema maneno mangapi.

"Matano," alisema Fundi.

"Yapi, mama?"

"Maji. Bado. Baba. Paka." Akasita kidogo. "Na 'nuka'."

"Nuka?"

"Akiona soksi."

Nilikuwa meza ya pili, nikiandika. Maneno yote matano yalikuwa ya Kasuku. Fundi alijua ninajua. Niliendelea kuandika, na nesi akaweka alama ya vema. Tulipofika langoni alinishika mkono na kusema, "Usimwambie Mama."

Mama ni mama yetu, mimi na mdogo wangu, yaani mkwe wake. Ameleta watoto watano duniani na kwa maelezo yake hakuna hata mmoja aliyechelewa chochote. Alipokuja mwezi wa kumi alimsemesha Jaji kutwa nzima bila kupata jibu. Akiondoka alisema mbele yetu sote, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, sikulaumu. Lakini mtoto huyu akifika miaka miwili hajasema, nakuja na begi namchukua. Kwangu kuna watu, atasema tu." Mdogo wangu alisema, "Mama, mtoto si gunia." Mama akamjibu, "Gunia lingekuwa limeshapiga kelele likiburutwa." Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa hajampenda mtoto yule kama alivyoambiwa atampenda, hivyo ndivyo alivyoamini mwenyewe, na bado aliposikia neno begi alimsogeza Jaji nyuma yake.

Sasa gauni.

Mwezi wa kumi na moja Redio alikuja chumba cha tatu na kitambaa cha rangi ya chungwa ndani ya gazeti. "Fundi, nakuomba. Mama mdogo wake Kasuku anaolewa Jumamosi. Nimechoka huyu mtoto kuonekana kama kitambaa cha kudekia. Nishonee gauni la kuzunguka."

Fundi alipokea. Hakuwa mtu wa kukataa kazi. Alivuta futi yake shingoni akampima Kasuku, na Kasuku alipiga soga muda wote, futi ni nyoka, nyoka amempanda, nyoka ameshuka. Kifua inchi ishirini. Urefu kumi na nane. Baada ya Redio kuondoka, Fundi alimtoa Jaji kitandani akampima naye, mahali palepale, kwa futi ileile. Kifua kumi na nane na nusu. Urefu kumi na sita. Akaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari lake, mstari juu ya mstari, bila majina.

Jumamosi asubuhi gauni lilikuwa tayari, limepigwa pasi, na mikunjo yake ilikuwa sawasawa kama kurasa. Redio alimwingizia Kasuku kichwa. Kichwa kilipita. Mabega hayakupita. Alivuta kidogo, akageuza, akajaribu kuanzia miguuni. Kasuku akasema, "Mama, bado."

"Fundi," Redio alisema, "umemshonea mwanasesere?" Na akacheka, kwa sababu yule mwanamke hucheka kwanza na kufikiri baadaye.

Fundi alichukua gauni akalipima. Kumi na nane na nusu. Akafungua daftari. Nilikuwepo, nilikuja kuazima pasi, na niliona kidole chake kikienda mstari wa juu, kikashuka wa chini, kikarudi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika polepole hivyo. Alikuwa amekata kitambaa cha Kasuku kwa mwili wa Jaji. Mpaka leo anasema hajui kama alisoma mstari mbaya au mkono wenyewe ulikataa kukata kikubwa kwa mtoto wa Redio na kidogo kwa wake.

Redio ndiye aliyemaliza mambo. Jaji alikuwa amekaa sakafuni akituchunguza. Redio alimnyanyua, akamvua fulana, akamvika. Lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Mabega, kifua, urefu juu ya goti, pote.

"Ona! Basi lilikuwa lake. Jaji, umependeza mpaka utasamehe watu. Chukua, mama. Kasuku ataenda na lile la zamani, bwana harusi hatamtazama yeye."

"Nitakununulia kitambaa kingine," alisema Fundi.

"Utanunua. Leo sina muda wa kununa, nachelewa."

Walipotoka, Fundi alibaki akimtazama binti yake. Wangekuwa wamezaliwa miezi mitano tofauti, angesema sawa. Siku tatu! Na wake ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Inchi moja na nusu kifuani, mbili urefu, na chakula alikuwa akimpa yeye mwenyewe, saa nne, saa saba, kijiko kwa kijiko. "Wangu anakula mayai," aliniambia kwa sauti ya chini, "yule anakula makombo na maneno." Alimvua Jaji lile gauni kwa haraka hadi kifungo kimoja kikakatika. Halikuvaliwa tena.

Desemba ikaja na kazi ya kushona sare. Mashati mia na arobaini, sketi themanini, na shule zinafunguliwa wiki ya pili ya Januari. Redio alimwona Jaji amesimama ndani ya kitanda chake ameshika vizuizi, akaita kutoka bombani, "Fundi, nipe huyo mfungwa. Nafua vilevile, wawili si wengi kuliko mmoja." Fundi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuwa na mashati kumi ya kukabidhi kabla ya saa nane, akamtoa mtoto bila kumtazama anayempokea.

Kwa hiyo Jaji akahamia kwenye beseni kavu la pili. Alikaa kimya wiki ya kwanza, akisikiliza habari za soksi. Wiki ya pili alianza kuokota vibanio vya nguo na kumpa Redio kimoja kimoja. Redio akasema, "Asante, mheshimiwa." Kila kibanio, asante mheshimiwa. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, nilikuwa nimerudi mapema nikichota maji, na Jaji akanyoosha mkono kwenye ndoo yangu akasema, "Maji."

Redio aliacha shati likaelea. "Amesema!" Kasuku naye akaruka, "Mesema! Mesema!" Na Jaji, kwa kuona jambo limependwa, akamgeukia Redio akamwita kama alivyosikia mwenzake akimwita kutwa: "Mama. Maji."

Nilipoinua macho, Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwake, uzi umening'inia mdomoni.

Ningependa kuandika kwamba alifurahi. Alivuka ua kwa hatua ndefu, akamtoa mtoto kwenye beseni miguu ikiwa bado na povu, akaingia ndani akafunga mlango. Redio alimfuata mpaka kizingitini.

"Fundi, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Basi fungua tumsikie tena."

"Nimesema hujakosa. Rudi kwenye nguo zako."

Mlango ule ulifungwa wiki kumi. Kasuku alikuja asubuhi akagonga kwa kibanio akaita, "Jaji! Toka!" Ndani Jaji alisimama ameweka kiganja kwenye mbao, na mama yake alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Mtoto alirudia kimya chake. Mdogo wangu alipouliza kwa nini mtoto hatoki, aliambiwa kuna mafua ua mzima. Aliamini. Ni mtu mzuri, lakini ukimwambia ukuta umekauka hawezi kuugusa.

Jioni, kazi ikiisha, Fundi alimkalisha Jaji kwenye stuli na kusema, "Sema maji." Jaji alimtazama. "Sema mama. Kule ulisema. Sema kwangu." Siku moja mwezi wa pili, saa tisa mchana na joto kali, alishika kikombe cha maji juu kidogo ya mkono wa mtoto. "Sema, nikupe." Mtoto alinyoosha mkono. Kikombe kikapanda. "Sema." Jaji hakulia. Aliushusha mkono, akageuka, akaenda kulala sakafuni akiwa ameupa ukuta uso.

Fundi alikuja kwangu kikombe kikiwa bado mkononi.

"Wifi, nimemnyima mtoto maji."

"Ameshakunywa?"

"Ameshakunywa. Nilimnywesha mwenyewe, nikamwaga nusu. Lakini nilimnyima kwanza." Akakaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nilikuwa namwonea wivu Redio. Leo nilimwonea wivu mtoto, kwa sababu Redio anampenda. Hiyo ni akili kweli?"

Kesho yake nilimpeleka kwa nesi yuleyule. Nesi alimpima Jaji upya, masikio, macho, ulimi, akamrudisha mapajani. Kisha akavuta kiti chake akakaa mkabala na Fundi.

"Unalala, mama?"

"Nimeleta mtoto."

"Mtoto nimemwona. Hana ugonjwa. Sasa nataka kujua yule anayekaa naye kutwa ana hali gani. Unalala?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Nikikumbuka."

"Mara ya mwisho umecheka lini?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kipimo kwenye daftari. Hakupata. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na alilia kwa muda mrefu hadi foleni ya nje ikaanza kunong'ona. Nesi alimwambia hali hiyo huwapata wanawake wengi, kwamba humfika mama baada ya kujifungua na isipotazamwa hukaa, na kwamba mtoto mdogo hujifunza kuongea kwa kuongeleshwa na mtu ambaye uso wake unamjibu. Alimpangia kuja kila Alhamisi.

"Na je, kuna mtu mtoto anazungumza naye?"

Fundi akanitazama. Mimi nikakohoa.

"Yupo," akasema Fundi. "Jirani."

"Basi mrudishe kwa jirani. Na wewe ukakae hukohuko."

"Nikafanye nini?"

"Ukae tu."

Alhamisi alikwenda, mbili, tatu, bila kukosa. Kwa Redio hakwenda. Kila asubuhi alishika komeo na kila asubuhi aliliachia. Aliniambia kusamehewa na nesi kulikuwa rahisi, maana nesi hakuwa na Kasuku.

Mwezi wa tatu ukaingia. Jaji alitimiza miaka miwili Alhamisi, na Jumapili yake, saa tano asubuhi, Mama yetu aliingia langoni na begi jeusi. Lilikuwa tupu, liliruka kila alipokanyaga. Alisalimia, akanywa chai, akamkalisha Jaji mbele yake.

"Mjukuu wangu, hujambo?"

Jaji alimtazama.

"Huyu nani?" akimwonyesha mama yake.

Jaji alimtazama mama yake, kisha akamtazama bibi yake, kama aliyeulizwa jambo lisilomhusu.

"Haya," alisema Mama. "Nilisema. Nguo zake ziko wapi?"

Mdogo wangu aliangalia viatu vyake vyenye madoa ya rangi. Fundi alisimama. Nilidhani anakwenda kabatini. Alifungua mlango, ule mlango, akavuka ua. Redio alikuwa kazini na Kasuku pembeni yake. Nilimfuata kwa sababu sikujua anakwenda kufanya nini.

"Redio, njoo kwangu."

"Kwako? Mimi niliyefungiwa mlango?"

"Wewe. Mkwe wangu amekuja kumchukua Jaji kwa sababu hasemi. Kwako anasema. Njoo umsemeshe."

"Aa. Leo nimekuwa spana, nikihitajika natafutwa." Alikamua shati kwa hasira. "Wiki kumi huyu wangu ananiuliza Jaji yuko wapi. Nimesema amesafiri, nimesema analala, nimeishiwa uongo. Mimi nilikufanya nini?"

"Nilikuwa naona wivu."

Redio aliacha kukamua. "Wivu? Wa nani?"

"Wako."

"Wangu mimi? Paa langu umeliona?"

"Nimeliona."

"Na bado?"

"Na bado."

Redio alicheka mpaka akakalia ndoo. Kasuku akacheka pia, bila kujua. Kisha Redio akainuka na kutafuta kitambaa. "Ngoja nijifute. Sijawahi kuonewa wivu na mtu tangu nizaliwe, siwezi kwenda na mikono ya povu."

Alikaa kwenye vigae vya chumba cha tatu kama yuko kwake. Hakumwomba Jaji aseme chochote. Alitoa vibanio mfukoni akavimwaga, akaanza kumweleza jinsi kamba ilivyokatika Alhamisi na suruali ya bwana mwenye tumbo ikaanguka kwenye matope, tumwambie, tusimwambie. Kasuku alisema, "Tusimwambie!" Jaji alisogea kwa makalio yake, kidogo, tena kidogo. Akaokota kibanio. Akampa.

"Asante, mheshimiwa."

Kingine. "Asante, mheshimiwa." Cha tatu Jaji hakumpa. Alikiminya, akakiachia, akasema, "Mama. Soksi nuka."

Mama yetu hakumtazama mtoto. Alimtazama Fundi, kwa sababu neno la kwanza katika yale matatu lilikwenda kwa mwanamke mwingine, chumbani mwa mama mwenyewe, mbele ya mkwe. Fundi alikuwa ameshika kiti kwa nyuma na vidole vyake vilikuwa vimepauka.

"Umesikia, Mama," alisema. "Anasema. Kwa huyu anasema, kwangu bado. Nilimfungia, akanyamaza. Ukimpeleka kwako atanyamaza tena. Mwache hapa."

"Na wewe unaridhika mwanao amwite jirani mama?"

"Siridhiki. Hata sasa hivi naona wivu, nasikia kama nataka kuwatoa wote nje. Naumwa, Mama, nesi ameniambia, natibiwa. Lakini asiondoke."

Mama aliendelea kumtazama. Ni mwanamke mgumu, lakini hajawahi kuwa mtu wa kupuuza anayesema ukweli mbele za watu. Alimwuliza Redio, "Na wewe, unataka malipo?" Redio akajibu, "Nataka kitambaa changu cha rangi ya chungwa, nadai tangu harusi." Mama akacheka. Alilala siku mbili, akala, akaondoka na begi lake likiwa jepesi kama lilivyokuja.

Kuanzia hapo Fundi alitoa stuli yake uani na kukata vitambaa karibu na bomba. Mwanzoni alikaa tu, kama nesi alivyomwambia. Kisha alianza kusema anachokifanya, kwa aibu, sauti imemkauka: sasa nakata mkono, sasa nakata kola. Redio alimtania, "Fundi, unasoma taarifa ya habari? Changamka!" Aliudhika siku kadhaa. Kila Jaji alipokimbilia upande wa Redio akiwa ameanguka, niliona taya la Fundi likikaza, na mkasi ukisimama, na kisha ukiendelea. Haikuwa kazi rahisi na haikwisha mwezi ule wala uliofuata.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, aliingia chumbani kwangu bila kubisha. Nilidhani kuna mtu ameungua.

"Amenisemesha!"

"Amesema nini?"

"Nilikuwa namchana nywele, namweleza habari za kola, namweleza tu. Akashika kitana, akanitazama hivi, akasema, 'Mama, acha.'" Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. "Acha! Mimi mwenyewe! Mama, acha!"

Nilimpongeza. Alifika mlangoni, akageuka. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule ninaoujua, wa mtu anayepima.

"Wifi. Redio hajawahi kuambiwa 'acha', sivyo?"

Nilimwambia hajawahi. Akaondoka akitabasamu, na mimi nikaenda kufunga dirisha, maana upande wa bombani sauti ya Jaji ilikuwa ikimwambia Redio neno hilohilo, mara ya pili niliyoisikia siku ile, naye alikuwa akimjibu kwa kelele.